Vibindo vya Kunde

Bweni nzima, ukivuka tu mto kutoka Pangani mjini, hakukuwa na mwanamke mwenye ulimi kama Bi Mwanasiti. Asubuhi aliuza vitumbua pale watu wanapopandia pantoni, na mnunuzi aliyethubutu kusema hiki kimeungua aliondoka kanyolewa bila maji. Aliwasema wavuvi, aliwasema jirani, aliwasema hata majogoo waliowika kabla ya wakati. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye ulimi ule haukuweza kumgusa, na mtu huyo alikuwa akilala kwenye banda la uani kwake. Ni Uweso, mume wa binti yake.

Nyie wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu chumba kimoja, mnacheka, mnapokezana sahani. Haya, hongereni. Mwaka ule wa hamsini na tatu mkwe alikuwa mkwe. Uweso hakuwahi kula mbele ya Bi Mwanasiti wala kumtazama usoni, na Bi Mwanasiti hakuwahi kulitamka jina la Uweso. Alimwita "mume wa Mastura", na hilo nalo kwa shida. Asubuhi Uweso alichuchumaa nyuma ya ua wa makuti akasema, "Shikamoo, mama," na upande wa pili bibi alijifunika kanga hadi puani akaitikia, "Marahaba," basi, mazungumzo ya siku yamekwisha. Likiwapo neno la zaidi, Mastura ndiye aliyelibeba kutoka huku kwenda kule.

Na Mastura asipokuwapo? Ndipo mbuzi alipopata kazi. Bi Mwanasiti alikuwa na mbuzi jike aliyefungwa karibu na ua, na maneno yote ya mkwe aliambiwa yeye. "Mbuzi wewe, maji ya kuoga yako nyuma ya nyumba." "Mbuzi wewe, leo kuna samaki, usile ukashiba huko njiani." Uweso akisikia alikohoa kidogo, maana yake ahsante. Watu walicheka, lakini nyumba ilikwenda, na ilikwenda kwa adabu.

Uweso alikuwa mtu wa mkonge. Tangu ujana alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge, katika shamba moja kubwa njia ya kwenda Tanga. Bei ya mkonge ilipoporomoka wakapunguzwa watu, naye akapunguzwa. Kazi haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kambi yenyewe, kwa sababu mimba mbili za Mastura ziliharibika mle, katika chumba cha bati kisichokuwa na hewa, mara zote mbili Uweso akiwa zamu. Alipoachishwa, Mastura alikuwa na mimba ya tatu. Bi Mwanasiti alivuka mto akaenda kambini mwenyewe, akaangalia kile chumba toka mlangoni, wala hakuingia. Akamwambia binti yake, "Funga nguo zako. Hapa hurudi tena, labda mimi niwe nimekufa."

Wakiwa Bweni akampelekea Uweso ujumbe kwa mdomo wa Mastura. Lipo shamba aliloacha marehemu mumewe. Alilime mwaka mmoja. Mahindi ya masika yakijaza dari la jikoni, basi chakula kipo, wakae wote hapo. Yasipojaza, Uweso arudi mkongeni akatafute, na Mastura abaki kwa mama yake na mtoto, Mungu akimjaalia.

Uweso alikubali. Kazi hakuiogopa, masikini. Alishabeba mizigo ya mkonge mpaka bega likaota sugu. Aliogopa kuwa baba wa kuletewa habari. Mtoto kazaliwa, unaambiwa. Mtoto kaota meno, unaambiwa. Mtoto kazikwa, unaambiwa. Alikwisha kuambiwa mara mbili, na hakutaka kuambiwa tena.

Shamba lenyewe lilikuwa limechoka. Marehemu alikuwa mtu mwema lakini mbishi, mwaka nenda mwaka rudi mahindi juu ya mahindi, na mabua akiyachoma, hata udongo ukawa mchanga usio na ladha. Bi Mwanasiti akaagiza kwamba vuli ile zipandwe kunde tupu, mahindi yangoje masika. Uweso aligunaguna mbele ya mkewe. "Dari litajazwa na kunde?" Mastura akamwambia, "Mama kasema." Akazipanda.

Zikaota. Lo, zikaota vizuri! Zilitambaa zikafunika mchanga wote, na Mastura akawa anachuma majani machanga ya mboga kila jioni, mpaka miguu ilipomvimba akaambiwa alale, asitembee.

Siku hizo hizo Bi Mwanasiti alialikwa harusini Pangani mjini. Asubuhi alikuwa na haraka, pantoni inaita, Mastura bado kalala. Akasimama uani na kifurushi chake akamgeukia mbuzi. "Mbuzi wewe, nisikilize. Kunde zikishatia vibindo, jembe liwekwe kando. Ng'oa kwa mkono!" Akashika njia akaenda.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Kibindo mnakijua, ni ile akiba mtu anayoifunga katika pindo la nguo kiunoni. Bi Mwanasiti aliziita vibindo zile punje ndogo zinazoota kwenye mizizi ya kunde, kwa kuwa kwa macho yake mkunde ulikuwa mwanamke mwenye akili aliyefunga akiba yake kiunoni. Alichokuwa akisema ni hiki: kunde zikishafunga akiba, usiingie na jembe ukaikata mizizi, magugu yang'oe kwa mkono. Lakini wakati huo huo mbuzi naye alilia, akakata neno katikati. Uweso aliyekuwa nyuma ya ua hakusikia vibindo. Alisikia vifundo.

Na vifundo Uweso alivijua, tena alivijua sana. Kule mkongeni aliwahi kupangwa bustani ya nyanya ya meneja, na amri ilikuwa moja: mche ukiwa na vifundo mizizini ni mgonjwa, ng'oa, choma, usije ukaambukiza mingine. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini mtu huuliza asilolijua. Hili alijua, na alifurahi hata kuona mkwewe na meneja wana elimu moja.

Akaenda shambani akang'oa mkunde mmoja. Akautikisa mchanga. Vifundo tele! Mizizi yote ilijaa punje ndogo kama mtama. Akang'oa wa pili, wa tatu, kote ni hivyo hivyo. Alisimama akaziangalia zile kunde, kijani kibichi, zinameremeta kwa umande, akajiuliza, wagonjwa gani hawa wenye afya? Lakini amri ni amri. Akainama, akang'oa mstari baada ya mstari, machozi yanamtoka, maana ni kama alikuwa anajing'oa yeye pale nyumbani. Akazilundika juu ya makuti makavu, akatia moto, na moto ule ukachoma mpaka majani makavu yaliyokuwa juu ya mchanga.

Bi Mwanasiti alirudi mchana akiwa na hina mikononi. Aliona moshi toka pantonini. Alipofika mpakani mwa shamba, nusu lilikuwa jeupe tupu, na mkwewe kainama anaanza nusu ya pili.

Hebu fikirini mwanamke yule. Ulimi wote ule, uliowanyamazisha wavuvi, na sasa umefungwa! Amwite jina? Haiwezekani. Ampigie kelele mkwe mbele ya Mungu na watu? Toba! Na mbuzi hayupo. Alifungua mdomo akaufunga. Mwishowe akakaa chini pale pale mpakani, akajipiga mapaja, akapiga yowe lisilo na neno ndani yake.

Uweso alishtuka akaachia mkunde. Jirani wakaja, na Mastura akaja na miguu yake iliyovimba, kajishika kiuno. Uweso akamwambia mkewe kwamba kunde zina ugonjwa wa vifundo, naye anazing'oa kama mama alivyoagiza. Bi Mwanasiti akaokota mkunde ulioangushwa, akamwonyesha binti yake, lakini kwa sauti ya kufika mbali. "Tazama, Mastura. Gonjwa ni lile ambalo mzizi wenyewe umevimba, ukivuta hakibanduki kitu. Hiki nakigusa kwa ukucha, kimebanduka. Nakipasua. Kina nini ndani?"

"Kina wekundu, mama."

"Kama ufizi wa mtoto mchanga. Hicho ni kibindo. Hiyo ni akiba ya mahindi yetu."

Uweso alisikia kila neno. Akakaa chini kule kule alikokuwa, juu ya majivu. Mastura alimwendea taratibu, na kwanza alicheka, unajua kicheko cha mtu aliyeishiwa, halafu akalia. "Wewe nawe! Hukuniuliza hata mimi?"

"Nilidhani nimesikia," Uweso alisema. "Wallahi, Mastura, nilidhani nimesikia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile Mastura alimletea mumewe sahani ya vitumbua vya moto, vilivyotiwa iliki, vile ambavyo haviuzwi pantonini bali hupikwa kwa sikukuu. "Mama kasema ule." Uweso alivitazama. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Aling'ata kimoja, akairudisha sahani, akamwambia Mastura ale yeye kwa ajili ya mtoto.

Baada ya siku chache akapita bwana shamba na baiskeli yake. Jina lake Manase, Mbondei wa Muheza, kijana mkunjufu mwenye kupenda kuulizwa. Bi Mwanasiti alimwita uani, Uweso akakaa upande wa pili wa ua, na Manase akawekwa katikati kwenye kigoda. Nadhani hakuna siku ambayo wakwe wale wawili walizungumza kama siku ile, ingawa kila mmoja alizungumza na Manase.

"Bwana Manase," alisema Uweso, "nieleze. Mle ndani ya kile kidude mna nini?"

"Mna vidudu," Manase akasema. "Vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Vinakaa mchangani. Mkunde ukiota, unavikaribisha mzizini, unavijengea kile chumba, unavipa utamu wake uliotengenezwa na majani. Navyo vinachukua hewa hii tunayovuta, vinaigeuza chakula, vinaulisha mkunde. Mkunde ukifa, chakula kinabaki udongoni."

"Hewa?" Bi Mwanasiti akamkatiza. "Wewe mtoto, mimi ni mtu mzima, usinifanyie mzaha. Hewa inaliwa?"

"Inaliwa na wao, bibi. Na wenzao wengine huozesha majani na mabua, wakayarudisha kuwa udongo. Ukichoma, unawachoma."

Bibi akageuka. Aliutazama mtungi wake wa unga wa vitumbua uliofunikwa kitambaa. "Kidudu kisichoonekana, kinachokaa ndani ya kitu, kikakigeuza," akasema polepole. "Ala! Si chachu hiyo? Mimi kila siku nabakisha unga wa jana kidogo, nautia katika unga wa leo. Nisipoubakisha, vitumbua havifuri."

Manase aliruka kutoka kwenye kigoda kwa furaha. "Chachu! Ndiyo hiyo hiyo, bibi! Nitawaambia na wengine hivyo hivyo."

"Basi Bwana Manase," ilitoka sauti ya Uweso nyuma ya makuti, ya woga, "mtu aliyechoma chachu yake, anaweza kuazima kwa jirani? Nikichukua udongo wa chini ya kunde nzima, nikautia pale palipoungua?"

Manase akasema inafaa, ingawa itachukua muda, udongo hauponi kwa msimu mmoja. Kisha akawaonya jambo ambalo Bi Mwanasiti naye alikuwa akilikosea miaka yote: zikishavunwa, kunde zisivutwe na mizizi. Zikatwe shinani, mizizi ibaki chini na akiba yake. Bibi alibisha, akasema shamba safi ni shamba lisilo na visiki, mama yake alilifagia kama uwanja. Mwisho akakubali, akamwambia Manase apokee vitumbua na aache kumzeesha kwa maneno. Kichwa cha Manase kilishamuuma kwa kugeuka huku na huku.

Uweso akafanya kazi. Alibeba udongo kwa pakacha kutoka nusu nzima kupeleka nusu iliyoungua, akaufunika kwa majani makavu ya mgomba, akapanda kunde nyingine pale, ingawa vuli ilikuwa inakatika na zilitoka dhaifu. Zile nzima zilipokauka, alizikata shinani moja moja, kwa upole wa mtu anayemkata mtoto nywele. Masika ikaingia, akapanda mahindi kote.

Na katikati ya mvua Mastura alijifungua salama, nyumbani kwa mama yake, mtoto wa kike. Uweso hakuletewa habari. Alikuwa nje ya mlango, mvua inamnyeshea, akakisikia kile kilio cha kwanza kwa masikio yake mwenyewe. Wakampa jina Asmahani. Alimbeba, akamnusa kichwani, na tangu siku hiyo kwenda shambani akawa anakimbia ili kurudi upesi.

Mahindi yakapanda. Lakini shamba halina siri. Nusu moja yalisimama kijani cheusi, majani mapana, mabua ya kushikwa kwa mkono mzima. Nusu ya pili yalitoka manjano, membamba, yanainama. Mpaka kati yao ulionekana toka njiani, na wapita njia walikuwa wakiuliza nani kaupiga mstari. Uweso kila akipita alitazama chini.

Wakavuna. Mahindi yakafungwa mafungu na maganda yake, yakatundikwa darini juu ya moshi wa jiko. Nusu ya shamba iliyokuwa nzima ilijitahidi, Mungu shahidi, ikatoa kuliko shamba zima lilivyowahi kutoa enzi za marehemu. Ile nyingine ilitoa vibunzi, punje za kuhesabu. Ukiinua macho jikoni uliona mwenyewe: mahindi yalifika katikati ya dari, na kutoka hapo hadi ukutani palikuwa pakavu, miti mitupu yenye masizi.

Uweso hakungoja aambiwe. Alisikia kwamba mnyapara mmoja, Sadalla, yuko pantonini anakusanya watu wa mkonge. Asubuhi akafunga mfuko wake, akauweka mlangoni. Mastura alikaa kitandani anamnyonyesha Asmahani, machozi yanamdondokea mtoto. Neno lilikuwa neno, na mumewe alilikubali mwenyewe.

"Niagie kwa mama," Uweso alimwambia. "Mwambie nimekosa mimi, yeye hakukosa. Mwambie namshukuru kwa..." akainama kukaza kamba ya mfuko.

Mastura alikuwa bado hajainuka pale kitandani, uani kukasikika hatua. Bi Mwanasiti alikuwa anakuja. Hakupita nyuma ya ua. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni pa banda, na Uweso, kwa mazoea, akageuka upesi akatazama ukuta.

"Uweso."

Alidhani amesikia vibaya. Mastura aliacha kunyonyesha.

"Uweso, geuka. Nakuita wewe, sina mbuzi hapa."

Akageuka. Bi Mwanasiti alikuwa amesimama, kanga imemshuka mabegani, uso wazi, macho mekundu. Kwa mara ya kwanza Uweso aliona kwamba Mastura ana pua ya mama yake.

"Mimi nimekuwa mjinga," bibi alisema. "Nimeona aibu ya kusema na wewe, nikasema na mnyama. Neno likapotea njiani. Ungekuwa mwanangu wa kuzaa, ningekuja shambani nikakushika mkono, nikakuonyesha, na dari lile lingejaa. Ile nusu iliyoungua tumeichoma wote wawili. Sasa adabu gani inayomnyima mtoto baba yake? Nitauza vitumbua asubuhi, nitauza na jioni, tutakula muhogo, tutafika masika ijayo. Usiende, mwanangu."

Uweso, mwanamume wa mkonge, bega sugu, alilia kwa sauti kama Asmahani. Kule mtoni Sadalla alikuwa anaita majina.

"Basi, basi," Bi Mwanasiti alisema, na yeye mwenyewe anajifuta kwa kanga. "Ukilia, lia huku unauondoa huo mfuko mlangoni. Watu wanapita, watasema nimekufukuza."

"Naam, mama," alisema Uweso, akauinua mfuko, akaurudisha ndani.